Paa wa Shingoni

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza. Nimepewa kiti cha dirishani, ambacho sikukiomba, maana upande huo mvua huingia. Mwalimu wa Kiswahili ametaka kila mmoja wetu aandike shajara mpaka shule ifungwe. Amesema hatazisoma, atahesabu kurasa tu. Kwa hiyo naweza kuandika ukweli.

Habari kubwa ya leo iko kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri: "Kibali kimetolewa cha kuweka paa shingoni mwa mlima." Nimeisoma mara tatu. Barua iliyoleta kibali hicho niliiandika mimi.

Nieleze. Mama ni msoma vipimo wa idara ya hali ya hewa. Kila Jumatano na Jumamosi hupanda mpaka shingoni, pale njia inapopita kati ya vilele viwili, akasoma maji yaliyoingia kwenye kipimamvua na kuyaandika daftarini. Ni saa tatu kupanda na mbili kushuka. Kule juu hakuna mti, hakuna pango, hakuna hata jiwe la kumficha kuku. Mwaka jana mvua ya mawe ilimkuta hapo, akalala kitandani wiki nzima. Ndipo kamati ya njia ikaamua kuomba paa, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikaitwa mimi. Mama aliniambia, "Andika hivi: tunanyeshewa." Niliona neno hilo ni la jikoni mno kwa barua ya serikali. Badala yake niliandika: "Tunaomba tuwekewe paa moja imara, ili kila afikaye pale ajue kwamba kuna anayemngoja." Mpaka leo naiona kuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sheria ya hifadhi inaruhusu kitu kimoja tu kujengwa juu ya mstari wa miti, pale miti inapokoma. Kimoja, basi. Na sasa tumekipata.

Jumatano, 6 Machi

Milimita tatu. Mama amerudi na viatu vikavu.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi amefika. Ni mwanamke mrefu mwenye makovu madogo ya moto mikononi. Amepewa karakana ya zamani ya halmashauri, nyuma ya stoo ya mbegu. Anajifungia humo na kuchomelea kutwa. Watoto wamekwisha kumpa jina: Fundi Cheche.

Baba mdogo, anayeongoza wapagazi wa mlimani na anayelala chumba chetu cha uani, ndiye atakayepandisha mizigo yake.

"Shemeji," alimwambia Mama tukiwa tunakula, "paa lako linatengenezwa kwa nondo. Nimechungulia."

"Nondo za nini? Si angetumia mbao?"

"Mbao zitaliwa na mchwa."

"Kule juu kuna mchwa gani, wewe? Wanaovaa makoti?"

Baba mdogo akanigeukia. "Karani, andika hilo kwenye daftari lako."

Haniiti kwa jina langu tangu nilipoandika ile barua.

Jumamosi, 9 Machi

Milimita tisa. Ukungu. Hakuna jingine.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu wa jiografia, tunayemwita Kontua kwa sababu huchora mlima mzima ubaoni bila kuinua chaki, ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo. Ametupa mada ya muhula: "Sanaa ya umma haina nafasi katika milima ya pori." Anasema siku hizi mamlaka ya hifadhi ina dawati la sanaa linalotapakaza sanamu milimani, na kwamba mlima mmoja umewekewa kiti kikubwa kama nyumba, ambacho hakuna anayeweza kukikalia. "Mlima ni kitu cha mwisho ambacho mtu hajakitia saini yake," alisema. Nikanakili maneno hayo kabla hajamaliza.

Niko upande unaounga mkono. Sitasema, nitaandika tu. Atakayesema ni rafiki yangu tunayemwita Spika, ambaye sauti yake hufika mpaka jiko la shule. Mimi nikisimama mbele ya watu, magoti huanza kuongea kabla ya mdomo.

Jumanne, 19 Machi

"Leo tumepandisha miguu minne," alisema Baba mdogo huku akijipaka dawa begani.

"Nguzo," Mama akamsahihisha.

"Mwenyewe anaita miguu."

"Mafundi nao! Mlango wanauita mdomo?"

"Na wiki ijayo ni pembe. Mbili."

"Paa gani la pembe mbili? Nyingine mbili ziko wapi?"

"Mimi mbeba mizigo, shemeji. Sikusomea pembe."

Jumamosi, 23 Machi

Milimita kumi na nne. Mama amesema nguzo zimesimama lakini zimepinda katikati, kama mtu anayetaka kuchuchumaa akaghairi. Atamweleza Mwenyekiti wa kamati kwamba kazi ni ya ovyo.

Jumanne, 26 Machi

Mdahalo. Tumeshinda kwa kura hamsini na mbili dhidi ya kumi na tisa. Spika alisoma maneno yangu kana kwamba ameyaota yeye: "Anayepanda mlima hupanda ili apumzike na kazi za mikono ya watu. Tukimwekea sanamu kule juu, tunamfuata mpaka huko na kelele zetu." Kontua alipiga makofi akiwa amesimama.

Msichana mmoja wa upande wa pili aliuliza: je, ngazi za njiani? Je, mabango? Je, kipimamvua, si kazi ya mikono ya watu? Spika alimjibu kwa kumwiga sauti, ukumbi ukaangua kicheko, hoja ikapita. Nilicheka pia. Njiani kurudi nyumbani nikagundua kwamba swali lake halikujibiwa.

Jumatano, 27 Machi

Baba mdogo ameingia uani saa kumi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mama, aliyekuwa ametangulia kushuka, alikuwa akikausha daftari la vipimo jikoni. Alitoka na kitambaa mkononi.

"Una nini wewe?"

"Shemeji, paa lenu lina macho."

"Acha utani."

"Nimekibeba kichwa mwenyewe! Kichwa, shemeji! Masikio haya hapa, pua hii hapa. Njia nzima lilikuwa linanitazama. Zile nguzo ni miguu kweli. Zile pembe ni pembe kweli. Tumeomba paa, tumeletewa paa!"

Mama hakucheka. Alikunja kitambaa mara mbili, halafu mara nne, akarudi ndani.

Alhamisi, 28 Machi

Mji mzima unajua. Muuza duka amefurahi, anasema wageni watakuja kupiga picha. Mwenyekiti amesimama barazani pa ofisi yake akiuliza kila apitaye, "Nani aliomba mnyama? Nitajieni!" Amepiga simu hifadhini, na afisa wa vibali amemjibu kwamba barua yetu ipo, mwandiko safi kabisa, inaomba paa mmoja. Ndiyo maana waliipeleka dawati la sanaa. Mnyama huyo ndiye kitu kimoja kilichoruhusiwa. Cha pili hakipo.

Paa mmoja. Nimejua kilichotokea Mwenyekiti akiwa bado anaongea. Niliandika nakala safi kwenye karatasi ya mwisho iliyokuwapo. Nilipofika mwisho wa mstari nilianza neno "moja", nikaandika m, nikaona ukingo umefika. Nikashuka mstari wa pili nikalianza neno upya. Ile m niliiacha pale juu. Sikuikata, kwa sababu kuikata kungechafua barua. Nilijiambia hakuna atakayeiona.

Msomaji angeweza kunisamehe m moja kama barua ingekuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Haina. Barua nzima haina neno mvua. Haina baridi, haina upepo. Ina "kuna anayemngoja".

Ijumaa, 29 Machi

Nilikwenda karakana. Nilitaka kusema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usiguse hapo, pamoto."

Alikuwa akisugua kipande cha mkia kwa msasa. Nilisoma kuta, kama nifanyavyo mahali popote ninapoona haya. Kulikuwa na michoro ya paa kama thelathini: amelala, anakimbia, ananusa. Katikati yake, kwa pini nne, palikuwa na nakala ya barua yangu.

"Unaitazama hiyo?" aliuliza. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Watu huandika 'sanamu, mita nne, isishike kutu'. Hawa wameandika, 'ajue kwamba kuna anayemngoja.' Nikasema hawa ni watu. Ndiyo maana nimemgeuza shingo. Sanamu zote hutazama mbele, huyu anatazama nyuma, njiani, kumwona nani anakuja." Akanitazama. "Unamjua aliyeiandika?"

Nilisema namjua kidogo. Nikaaga.

Jumatatu, 1 Aprili

Sijasema.

Jumatano, 3 Aprili

Milimita ishirini na mbili. Mama amerudi ameloa mpaka kwenye soksi. Sijasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Kontua anakusanya saini ili paa aondolewe na kibali kifutwe kabisa. Juu ya ombi lake ameandika, "Anayepanda mlima hupanda ili apumzike na kazi za mikono ya watu." Ameniomba ruhusa kutumia maneno hayo. Nilimuuliza, kibali kikifutwa, na paa la kujikinga je? Akasema, kwa upole, "Bati nalo ni saini, binti. Mlima hauhitaji kitu." Nilitia saini. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu aliniita kwa jina langu kamili alipokuwa akinikabidhi kalamu yake mwenyewe.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimwomba Mama nimsindikize. Alishangaa, maana kwa kawaida Jumamosi zangu ni za vitabu.

Juu ya mstari wa miti ukungu ulikuwa mzito. Mama alitembea mbele, akitazama mahali pa kukanyaga. Kisha ukungu ukafunguka kidogo na akaonekana. Mwili wake ni nondo nyembamba zilizofuatana kama nyasi zinavyolala upande mmoja upepo ukivuma. Kati ya nondo na nondo unaona mlima. Shingo yake imegeuka, na anakutazama wewe, wewe hasa, kana kwamba alikuwa amechoka kusubiri na sasa amefarijika.

Nilisimama. Nilitafuta maneno yangu ya mdahalo nikakuta hayafai hata kuwashia moto. Hakutia kelele pale. Pale palikuwa kimya zaidi kwa sababu yake.

Mama alikuwa ameinama kwenye kipimamvua. "Kumi na saba," alisema. "Andika." Mvua ilikuwa imeanza na maji yalikuwa yakimtiririka kwenye pua.

Jumanne, 9 Aprili

Mkutano wa hadhara utakuwa Jumamosi. Afisa wa vibali atakuja. Sijasema.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la zahanati, mchana huohuo, kwa sababu nikingoja nitaanza kuyapamba.

Saa nne, tukiwa darasani, anga la upande wa mlima lilibadilika rangi, likawa kama chuma kilichopoa. Nilihesabu: Mama aliondoka saa moja, kwa hiyo sasa yuko shingoni. Saa nne na nusu mvua ya mawe ilifika mpaka shuleni. Huku chini yalikuwa madogo, kama harage. Mwalimu wa hesabu alinyamaza kwa sababu bati lilimzidi sauti. Mimi nilitoka nje. Sikuomba ruhusa. Ni mara ya kwanza kwangu, na hata sikuona kama ni jambo.

Baba mdogo alikuwa tayari kwenye lango la njia, amevaa koti la mpira, anafunga kamba kiunoni.

"Karani, rudi shule."

"Sirudi."

Alinitazama, akanivulia kofia yake akanipa. Tulipanda mpaka mstari wa miti. Njia ilikuwa nyeupe. Mawe ya barafu yalikuwa yameshuka na kujaa kwenye ngazi, ukikanyaga unateleza kama uliyekanyaga shanga. Baba mdogo, ambaye hunyamaza akilala tu, alinyamaza.

Tulimkuta akishuka, juu kidogo ya mti wa mwisho. Alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na kwenye paji la uso damu ilikuwa imekauka. Daftari lilikuwa ndani ya blauzi, limefungwa kwa mfuko wa plastiki.

"Msinishike huku," alisema. "Umevunjika, nadhani."

"Ulijificha wapi, shemeji?"

"Wapi? Chini ya huyo mnyama wenu. Mbavu tupu! Yote yalipita." Alipumua. "Makubwa kama mayai. Niliweka mkono kichwani, ndio ukapigwa."

Mganga amesema mfupa wa juu ya kiganja umevunjika, wiki sita. Paji la uso limeshonwa nyuzi tano. Amesema pia kwamba kama asingeweka mkono, tungekuwa tunaongea mengine.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilimwambia Mama asubuhi, nilipokuwa nikimfunga kitambaa kichwani kwa sababu yeye hawezi. Nilisimama nyuma yake, kwa hiyo sikulazimika kuuona uso wake. Nilimweleza m, na karatasi ya mwisho, na sentensi.

Aliinyoosha bandeji ya mkono kwa vidole vya kushoto.

"Nilikwambia uandike tunanyeshewa."

"Ndiyo, Mama."

"Uliona nini kibaya?"

"Niliona si zuri."

"Si zuri." Alilirudia kama mtu anayeonja chumvi. "Kaza hicho kitambaa, kinalegea."

Baadaye, nilipomletea chai, alisema jambo ambalo sikulitarajia. "Nilimwongelesha, yule mnyama. Mawe yalipozidi. Nilimwambia, na wewe unapigwa, mwenzangu? Mtu akisikia ataniona nimepungukiwa." Akanywa. "Sina ugomvi naye. Lakini mimi nina mifupa."

Sikumwuliza kama anataka niseme mkutanoni. Alinipa jibu hata hivyo. "Jumamosi vaa lile sweta la shule. Ukitetemeka hawataona."

Jumamosi, 13 Aprili

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa shule. Viti vilijaa, watu wakasimama mpaka kwenye veranda. Mbele walikaa Mwenyekiti, afisa wa vibali na Fundi Cheche, ambaye alikuwa amevaa gauni na kuonekana kama mtu aliyeazima mwili.

Mwenyekiti alisema yapo mambo mawili mezani: abaki au aondoke. Muuza duka akasema abaki, tayari watu wanane wameulizia njia. Kontua akasimama. Alisema vizuri, lazima niandike hivyo. Alisema miaka mia moja ijayo hakuna atakayekumbuka fundi wala kamati, lakini kutu itakuwa imeshuka mpaka kwenye chemchemi. Alisema tuondoe mnyama, tufute kibali, tuuache mlima kama tulivyoukuta. Kisha akasoma sentensi yangu, na watu wakapiga makofi.

"Mwalimu," Baba mdogo aliita kutoka veranda, "shingoni umefika mara ngapi?"

"Swali hilo halihusiani."

"Mimi nauliza tu. Mara ngapi?"

"Ninayo ramani ya—"

"Tuandikie basi kwenye ramani pale shemeji alipovunjikia mkono!"

Kicheko kilichotokea hakikunifurahisha. Kontua hakuwa mwongo. Hakupanda, lakini alichokisema kuhusu kutu kilikuwa kweli. Nilimwona akikunja karatasi yake taratibu na kwa mara ya kwanza nikafikiri labda naye huona haya.

Afisa alisema barua ndiyo sheria: mliomba paa mmoja, mmepewa. Kubadilisha kunawezekana iwapo tu aliyeandika atakiri kosa mbele ya wote, na liandikwe kwenye kumbukumbu. "Yupo?"

Nilivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. Nilisimama, kwa kuwa Mama, kiti cha pembeni, alikuwa ametoa miguu yake njiani ili nipite.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema kwa sauti!" Mwenyekiti alisema.

"Ni mimi niliyeandika!" Nilieleza yote. Nilieleza herufi moja, na kwamba sikutaka kuchafua karatasi. Watu walicheka hapo, na sikuwalaumu. Nikasema kwamba Mama aliniambia niandike tunanyeshewa, mimi nikaona niandike uzuri. Hapo hawakucheka. Nikasema tunachoomba ni paa la kujikingia, lenye ukuta upande wa upepo, kwa sababu kuna watu wanaopanda kule siyo kwa kupenda bali kwa kazi.

Fundi Cheche alikuwa akinitazama tangu neno la kwanza.

"Ni wewe wa 'kuna anayemngoja'?"

"Ndiyo, fundi."

"Ulikuja karakana ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Umepanda kumwona?"

"Nimepanda."

"Ukamwonaje?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Jumamosi iliyopita, limekamilika, na lilikuwa jibu zuri. Nilimtazama afisa akiwa na kalamu juu ya karatasi, kisha bandeji ya Mama.

"Mama yangu alipigwa mawe akiwa chini yake," nilisema.

Fundi aliinamisha kichwa. Kura zilipigwa: paa, lile la kujikingia, mia na arobaini. Afisa aliongeza kwamba mkataba ni wa fundi yuleyule. Atamshusha mnyama, na atajenga.

Jumatatu, 15 Aprili

Kontua amenirudishia insha yangu ya mdahalo. Pembeni ameandika: "Nilidhani umenielewa." Nilimwelewa. Hilo ndilo gumu kumweleza.

Jumatano, 17 Aprili

Mama ana bandeji, kwa hiyo kipimamvua nimepanda kukisoma mimi, nikiwa na Baba mdogo. Mwalimu mkuu ameruhusu mpaka mkono upone. Milimita thelathini na moja. Nimelowa mahali ambapo sikujua mtu hulowa.

Jumatano, 24 Aprili

Wamemshusha. Wapagazi walewale, vipande vilevile, kichwa mwisho. Baba mdogo hakufanya utani wowote, nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kushuka ni kuzito."

Ijumaa, 26 Aprili

Wamemuunga tena na kumsimamisha nyuma ya stoo ya mbegu, kwa sababu hakuna pengine. Nimepita kumwona. Pale kati ya magunia na baiskeli ya karani wa stoo anafanana na mbuzi aliyepotea. Shingo yake imegeukia ukuta. Fundi alikuwa mlangoni pa karakana. Nilimwamkia, hakuitikia.

Nilitunga hoja nzima ya mdahalo nikisema vitu vya namna hii vina mahali pake na si mlimani. Pake palikuwa palepale.

Jumatano, 8 Mei

Milimita kumi na mbili. Nguzo nne zimesimama, safari hii zimenyooka.

Jumamosi, 18 Mei

Baba mdogo alinipeleka mpaka shingoni, kisha akashuka na wapagazi kuchukua bati la mwisho. Nilibaki na Fundi Cheche, ambaye tangu mkutano alikuwa akiniambia "pisha" na "shika" tu.

Paa ni dogo. Lina hatua nne kwa tatu, bati la kijani, ukuta wa mawe upande wa upepo na ubao wa kukalia. Upande mmoja bado wazi kwa sababu bati halijafika. Si baya, na hakuna atakayepanda mlima ili kulitazama.

Nilikuwa nikiandika kipimo mvua ilipoanza. Nilikimbilia ndani. Fundi aliteremka ngazi, akasita nje kidogo kama mtu anayefikiri kubaki huko, halafu akaingia akaketi upande wenye bati, mimi upande huohuo, maana hapakuwa na mwingine. Ilikuwa mvua ya kweli. Hatukusikia chochote isipokuwa bati. Mbele yetu, hatua ishirini hivi, palikuwa na matundu manne ya bolti zilizoshika miguu ya yule mnyama kwenye mwamba, yamejaa maji.

Aliyatazama. Na mimi nikayatazama. Mvua ilipopungua kiasi cha mtu kusikika, nikasema.

"Fundi, uliniuliza nilimwonaje."

Hakugeuka.

"Nilipomwona kwenye ukungu nilisimama. Nilihisi kama alikuwa akinisubiri mimi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na sijui kama nitaona. Na palikuwa mahali pake."

Nilidhani bati limeyameza maneno.

"Ungesema hivyo mkutanoni."

"Ningesema, tusingepewa hili."

"Najua." Alifuta maji shavuni kwa mgongo wa mkono wenye makovu, akatazama juu, kwenye ukingo wa bati, ambako matone yalikuwa yakianguka moja moja. "Sogea huko. Bega langu liko nje."

Nikasogea.